Kilichojificha Nyuma ya Lipu

Stanislas, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya mtaa wa Ruashi, alianza kumwogopa mwanafunzi wake Mounira kwa sababu ya maswali. La kwanza lilikuwa la kawaida: jiwe lililotulia juu ya ukuta lina nguvu gani? Stanislas akamweleza énergie potentielle, kwamba kitu kikiinuliwa kinatunza nguvu iliyokiinua, na siku kikianguka kinaitoa yote.

"Na maji, Monsieur? Yakiwa mengi, na yako juu?"

"Ni vilevile. Yakizidi, hatari inazidi."

Kesho yake Mounira akarukia galaksi, somo lisilokuwa hata kwenye programu ya mwaka. Alitaka kujua wataalamu wanajuaje kwamba kule kuna kitu ambacho hakuna aliyekiona.

"Nyota za pembeni zinakimbia kupita kiasi," Stanislas akajibu polepole. "Kwa hiyo kuna kitu kinazivuta, hata kama hakionekani."

"Basi mtu anaweza kuwa na hakika bila kuona?"

Wakati wa mapumziko Guelor, mwalimu wa kemia, alimvuta pembeni. "Ule mutoto banamutuma. Préfet wa shule iko natafuta mwalimu wa kufukuza."

Tangu hapo Stanislas akawa anajibu kwa mkato, akimwangalia Mounira usoni. Alipoulizwa kama nguzo ya matofali inaweza kuchoka, uvumilivu ulimwishia. Baada ya masomo akamsimamisha mlangoni.

"Nani anakutuma?"

"Hakuna, Monsieur."

"Basi twende kwenu, niongee na wazazi."

Mounira alimsihi asiende. Stanislas akazidi kushuku, akaenda naye.

Moustapha, baba mkubwa aliyemlea Mounira, aliwakuta getini. Alimtazama mwalimu kuanzia viatu.

"Mwalimu, unatafuta nini kwa mutoto wangu?"

Hapo ndipo Stanislas alipoona jinsi jambo lile linavyoonekana: mwanamume kumfuata msichana hadi kwao. Akababaika, akageuza macho, na juu ya nguzo nne za matofali akaona tanki kubwa la maji, limeegemea ukuta wa chumba.

"Batoto banalala wapi?" akauliza.

Swali hilo likaharibu zaidi. Moustapha akapiga hatua mbele.

"Baba mukubwa," Mounira akasema, "tangu mvua ianze, mlango wa chumba chetu haufungi tena. Ule ufa wa ukutani wewe uliupiga lipu, lakini ukuta bado unasogea. Niliogopa kukuambia. Nyumba ni wewe uliijenga."

Moustapha alichukua nyundo, akagonga lipu karibu na nguzo. Likabanduka kipande kizima, na ufa nyuma yake ulimeza vidole vyake vinne. Akaenda kufungua bomba la tanki. Maji yakapita uani, yakatoka hadi barabarani, mpaka yakaisha.

"Batoto batalala sebuleni," akasema. Kisha akamgeukia Stanislas. "Na wewe, siku ingine kuja na muke wako."

Jumatatu Stanislas alimwita Mounira ndani ya darasa tupu, akamwambia kwamba alimdhania vibaya.

"Nilijua," Mounira akasema. "Ulikuwa unanijibu kama mtu aliyesimamishwa na polisi."

Guelor, aliyekuwa anapita nje, alipunguza mwendo dirishani ili asikie aliyemtuma mtoto ni nani.