Jumamosi ya Maji Meupe

Mama Dobi hakuhitaji kalenda. Mto ukipita wa bluu, ni Jumatatu. Ukipita mwekundu, Alhamisi. Kiwanda cha kutia vitambaa rangi kule juu ndicho kilichompangia wiki. Wateja walimkimbia mmoja mmoja, maana nani apeleke shati jeupe lirudi na haya za bi harusi? Wakabaki wauguzi tu, na muuguzi mkuu alishaonya kwamba sare zikirudi na doa tena, hospitali itanunua mashine.

Bahati, au balaa, mwanawe wa pekee ndiye aliyeshika funguo za lango la bwawa la kiwanda. Maji machafu yalitakiwa yalale humo siku tatu, uchafu utuame. Lakini kazi zikizidi, msimamizi huamuru yaachiwe siku ileile. Mama akambembeleza ampe Jumamosi moja tu lango lifungwe.

"Uchungu wako ulinichukua siku mbili," alimwambia. "Nirudishie moja, ya pili nimekusamehe."

Jumamosi mto ukaamka mweupe, hata kokoto zikaonekana. Mama Dobi akacheka peke yake kama aliyeokota jino la dhahabu. Akaingia na sare zote, akazikanyaga kwa miguu kama alivyofundishwa na mama yake, huku akikitukana kiwanda kwa raha zake. Alipoziinua, zilikuwa za bluu kama ulimi wa mtoto aliyelamba wino.

Jioni mwana akaingia na ovaroli yake ya kazi, hajaketi, akaitwa mwongo, akaambiwa maziwa aliyonyonya yalipotea bure.

"Sikufungua, mama. Nimefukuzwa kwa kutofungua."

Wakateremka mtoni. Maji bado yalikuwa yanang'aa. Mwana akachomeka kijiti chini, akakoroga kidogo tu, bluu ikapanda kama moshi. Rangi ya miaka kumi na miwili ilikuwa imelala topeni, na miguu ya mama ndiyo iliyoiamsha.

"Wangesubiri zile siku tatu tangu mwanzo," mwana alisema, "tungekuwa na mto."

Kesho yake muuguzi mkuu hakugomba. Alizikunja sare polepole, akaaga kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomaliza mambo.

Jumatatu kiwanda kikaagiza ovaroli irudishwe, tena iwe safi. Mama Dobi akaifua mtoni. Ilikuwa ya bluu. Ikatakata vizuri sana.