Mnyama wa Basili

Doris alimleta yule mnyama siku tuliyomzika kaka yangu Basili. Walikuwa wakifanya kazi pamoja Tanga, wakichunguza viumbe vya baharini, na huyu ndiye aliyekuwa akitunzwa na Basili. Alikuwa ndani ya ndoo ya maji ya bahari, laini kama ute wa yai, unaona kupitia mwilini mwake hadi upande wa pili. Si yavuyavu, maana hachomi. Mwilini ana safu nane za vinywele vilivyopangika kama vitana, na vikipepea, rangi za upinde wa mvua zinakimbia juu yake. Ubongo hana. Mama alihamishia kigoda chake kando ya ndoo, na mimi sikupenda.

Kwetu Wairaqw, tangu zamani, nyumba iliyofiwa na kijana hujitenga. Hatuendi kwa jirani, na cha nje hakiingii. Hapa Dongobesh wengi wameshaacha, na mimi, mwalimu wa bayolojia, niliona ni mateso tu. Mama alishikilia uzi uleule. Doris alipotuma kwa basi kopo la mayai ya kamba wadogo, chakula cha mnyama, mama aliamuru libaki nje ya ua.

“Na yeye amefiwa,” alisema. “Akae kama sisi.”

Mwenyewe alikuwa hagusi hata uji.

Basili aliwahi kuniambia kwenye simu kwamba mnyama huyu akijeruhiwa na kukosa chakula, hafi upesi. Anarudi utotoni. Nilimwambia aache uongo. Sasa nilikuwa naona kwa macho yangu: mabawa yake mawili ya nyama laini, yaliyochubuka safarini, yalinywea, akabaki kama punje ya hindi, kisha ikachomoza minyiri miwili mirefu ya kunasia, ile wanayokuwa nayo watoto wao.

Mama naye akapungua. Akawa analala amejikunja, anaimba nyimbo za kuchunga ndama. Alasiri moja akaniuliza kama baba yake amesharudi malishoni. Babu alikufa kabla sijazaliwa.

Nilitoka nikachukua kopo, mila iniwie radhi. Mayai yalipoanguliwa kwenye maji ya chumvi, nilimimina kidogo ndooni. Mnyiri ukanasa, mnyama akameza. Mama akapiga makofi, akanigeukia, akaachama mdomo. Nilimlisha uji kikombe kizima huku nalia kwa furaha.

Mnyama amekua. Mabawa yamerudi, rangi zinakimbia tena. Mama naye amenenepa, na mimi bado namngoja arudi. Kila asubuhi nikiingia na uji anasimama haraka, anainamisha kichwa vilevile alivyotufundisha mimi na Basili.

“Shikamoo, mama,” ananiambia.

Nisipoitikia marahaba, hafungui mdomo.