Nukta ya Kijani Darajani

Tak! Feni ya chaja ikanyamaza, na nyumba nzima ikawa kimya. Ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri.

Mlio huo ukinifikia kitandani najua betri imejaa, sina haja ya kwenda kuangalia taa. Nimefanya kazi miaka ishirini na mmoja katika kiwanda cha vipuri vya pikipiki za umeme hapa Wuxi, China, kwenye meza ya kulehemu yale masanduku madogo yanayoiambia mota izunguke au isimame. Wanawake wa mezani tuliyaita ubongo. Kulia kwangu, miaka yote hiyo, aliketi Yunzhen. Moshi wa kulehemu tuliuvuta sote. Kwake yeye ndiko ulikokaa kifuani.

Sasa Yunzhen alikuwa amelazwa hospitali ya ng'ambo ya mfereji tangu baada ya mwaka mpya. Mumewe alikwisha kufa, mtoto hakujaliwa. Wodi ile inaruhusu wageni nusu saa tu kwa siku, kuanzia saa tisa alasiri mpaka saa tisa na nusu, na mgeni wake alikuwa mimi peke yangu. Daktari alinivuta pembeni akaniambia nisifikirie wiki, nifikirie siku. Alinishika bega aliposema hivyo, kijana wa watu.

Lakini nilikuwa nimekaa siku tano bila kumwona. Mwanangu Haofeng ni mkuu wa kitengo cha usalama katika kiwanda kinachounda pikipiki zenyewe. Pikipiki yangu aliitengeneza kwa mikono yake. Aliweka joto kwenye mishikio ili vidole visinigande, akaweka kifaa cha kunizuia nisianguke kwenye kona, akaweka kamera mbele ya kunitazama na spika ya kusemea na kusikia chini ya taa. Kisha akapunguza mwendo. Kisha, nilipotaja kwamba kuna malori mengi barabara ya hospitali, akachora mstari kwenye simu yake kuuzunguka mtaa wetu. Nikifika soko la mboga, sauti ya msichana inasema, "Mzazi mpendwa, umefika mwisho wa eneo salama," na mota inalegea chini yangu kama mtu aliyezimia.

Nilijaribu mabasi, mawili na kutembea. Kwa magoti haya nilifika saa tisa na dakika arobaini. Mlango ulikuwa umefungwa.

Asubuhi hiyo tukiwa mezani Haofeng alisema, bila kuinua macho kwenye uji, "Mama, leo nakufungulia uzio."

"Mpaka hospitali?"

"Mpaka hospitali. Lakini utoke saa nane kamili, upite daraja la kaskazini, usibadilishe njia. Leo tuna wageni, wanunuzi wa mikoa sita. Watakuona kwenye skrini."

"Wataniona mimi?"

"Utakuwa nukta ya kijani. Nukta inatembea, wanaona mzee yuko salama. Basi."

Mkewe, Xuyan, akacheka. "Mama, vaa lile koti jekundu. Na meno uyavae, kamera ile inaona mpaka makamasi."

"Nitayavaa," nikasema. Nilimshukuru mwanangu, nikamwongezea yai bakulini. Asubuhi nzima niliona amenitendea wema mkubwa. Nilikanda unga, nikafunga huntun, vifuko vidogo vya unga vyenye nyama laini, nikazimimina na supu yake kwenye chupa ya chai isipoe. Yunzhen anazipenda na mafuta ya ufuta juu.

Saa nane kamili nilitoka. Soko la mboga nikalipita, yule msichana wa kwenye spika hakusema neno, nikacheka peke yangu kama mtoto. Kulikuwa na manyunyu. Kwa mwendo ule ningefika hospitali saa nane na nusu, nikae kwenye benchi, nitulie, niwe wa kwanza mlangoni.

Katikati ya daraja, pikipiki ikasimama.

Haikukata ghafla. Ilipungua polepole, kwa adabu, mpaka pembeni, kisha nikasikia gurudumu la nyuma likijifunga. Spika ikakoroma.

"Mama, usiogope. Ni sisi."

Nyuma ya sauti ya Haofeng nikasikia vikombe na watu wengi chumbani.

"Mnaona?" alikuwa akiwaambia. "Nimebonyeza mara moja tu. Kilomita kumi na mbili kutoka hapa."

"Bibi, tupungie mkono!" sauti nyingine ikaita. Huyo nilimjua, Mkurugenzi Gu, bosi wake. Nikapunga.

"Na ule mwingine!" Nikapunga na ule mwingine. Wakacheka.

"Huwa anaelewa anachoambiwa?" mgeni mmoja akauliza.

"Anaelewa," mwanangu akajibu. "Ila sikio la kushoto linachelewa kidogo, kama mtandao wa kijijini."

Wakacheka zaidi. Mimi pia nikatabasamu, kwa sababu kamera ilikuwa inanitazama na sikutaka waone mama yake Haofeng amenuna.

"Sasa Mama, jifanye umeiba. Isukume."

"Feng, saa ngapi hapo?"

"Isukume tu."

Nikaisukuma. Gurudumu halikusogea hata unywele, na king'ora kikalia kwa nguvu mpaka njiwa wakaruka chini ya daraja. Malori yalikuwa yakipita karibu, yakinirushia maji. Kijana mmoja wa kupeleka vyakula akapunguza mwendo, akapaza sauti, "Bibi, kwa umri huo bado unaiba?" Chumbani kule walipiga makofi.

Mwanamke aliyekuwa akifagia daraja, mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, akaja na mwavuli wake uliovunjika waya mmoja, akanifunika.

"Dada yangu, limekufa?"

"Halijafa. Limezimwa."

"Kalizima nani?"

"Mwanangu."

Akachungulia huku na huku. "Yuko wapi huyo mwana?"

"Kiwandani. Anawaonyesha watu."

Alinitazama, akaitazama ile spika, akatema mate mferejini. "Mimi wangu kanitupa tu kijijini. Wako ana elimu."

Haofeng alinifungua saa nane na dakika arobaini na tano. Nilimuaga yule dada, nikaondoka. Sikufika mbali. Pale daraja linapoanza kushuka, pikipiki ikasimama tena. Wageni wengine walikuwa wamechelewa mezani, ndio kwanza wanaingia, nao walitaka kuona.

"Mama, tunarudia kidogo."

"Feng, inakaribia saa tisa."

"Dakika mbili."

"Yunzhen ananingoja."

Nikamsikia akigeuka kwa wageni, na sauti yake ikawa ile ya kuuzia vitu. "Mnasikia? Atalisema jina hilo hilo kutwa. Mzee anafikiri anajua anakokwenda. Hapo ndipo mfumo wetu unapoisaidia familia."

"Yunzhen ni nani?" mtu akauliza.

"Hakuna," mwanangu akasema. "Mtu wa zamani."

Nataka niseme jinsi ilivyo. Nilipokuwa zamu ya usiku, Haofeng alilala kwa Yunzhen, kuanzia alipoacha kunyonya mpaka alipoanza shule. Yunzhen alimtafunia samaki akitoa miiba kwa ulimi. Alipopata surua, alikaa naye kitanda kimoja siku tisa, akaambukizwa yeye, mtu mzima. Na mtoto yule alimwita Mama Yun.

Labda alikuwa na hofu. Mkurugenzi Gu alikuwa amesimama pembeni yake, na mwanangu tangu utotoni akiogopa husema uongo. Namjua.

Wakanirudisha kwenye kupunga mkono. Wakaniambia nigeuke wauone mgongo. Mmoja akauliza kama mtu anaweza kuzimiwa akiwa anashuka mlima, mwingine akasema, "Jaribu tumwone," na Mkurugenzi Gu akacheka akasema, "Tusimvunje, ni huyu mmoja tu tuliye naye." Nilikuwa nimeloa mpaka ndani. Joto la mishikio lilikuwa limezimwa pamoja na mota.

Ufunguo wa kiti ulikuwa mfukoni mwangu. Chini ya kiti kuna ubongo, na kutoka kwenye ubongo kuna plagi nyeupe yenye nyaya nne. Plagi za namna hiyo nimezichomeka kwa maelfu kwa kidole gumba hiki. Ukiing'oa, amri za mbali haziingii tena. Pikipiki inakuwa pikipiki tu. Nililijua hilo tangu iliposimama mara ya kwanza. Nilijua pia kwamba kule kwenye skrini nukta ya kijani ingezimika mbele ya wanunuzi wa mikoa sita, na mwanangu angesimama pale na kalamu yake ya mwanga hana la kuonyesha.

Kwa hiyo nilisubiri. Ilipogonga saa tisa nilijiambia, dakika moja zaidi, ni mwanao. Nilijiambia hivyo mara nne.

Saa tisa na dakika nne nikafungua kiti. "Mama, unafanya nini?" spika ikasema. "Mama, funga hicho kiti. Mama, wanakuona." Nikaing'oa plagi. Sauti ikakatika katikati ya neno.

Sikuwahi kuendesha kwa kasi ile. Mwendo wote alioupunguza ulirudi kwa mara moja, na upepo ukanitoa machozi. Lakini plagi ile hubeba na mambo mengine, na hilo nililisahau. Hubeba kile kinachoikata mota mtu anapokamata breki. Kwenye lango la hospitali nilikamata breki na mota ikaendelea kunisukuma. Niligonga kizuizi cha lango, nikaanguka kwa goti na bega. Mwanangu hakuwadanganya wageni wake. Vifaa vile huokoa watu.

Mlinzi wa lango alinibeba mgongoni. Hakuuliza jina wala kitambulisho. Aliokota chupa yangu ya supu, akaitikisa sikioni, akasema, "Nzima hii, Bibi, twende," akapanda nami ngazi.

Tukiwa ngazini simu ikalia.

"Umefanya nini?" Haofeng alikuwa anapumua kama aliyekimbia. "Umefanya nini, Mama? Wameondoka. Gu amewachukua wote wakaondoka. Miaka miwili ya kazi yangu."

"Feng, nimeanguka. Goti linatoka damu."

"Kaa hapo hapo. Niko njiani, nakuja kuichukua hiyo pikipiki. Betri naiuza leo, hutaendesha tena, hata baiskeli. Nje ya mlango wa nyumba yangu hutoki bila Xuyan, na Xuyan hana muda wako." Nikadhani amemaliza. "Huyo mwanamke wako acha afe. Atakufa ukienda, atakufa usipokwenda."

Akakata. Mlinzi alisikia yote, kwa sababu simu yangu ina sauti kubwa ya wazee. Alinisogeza tu vizuri mgongoni.

Tulifika mlango wa wodi saa tisa na dakika ishirini na mbili. Muuguzi akaliona goti. "Kwanza tukusafishe, Bibi."

"Baadaye, mwanangu."

Aliitazama saa, akachukua taulo safi, akalifunga goti langu pale pale akiwa amepiga magoti, haraka haraka, kisha akanifungulia.

Yunzhen alikuwa amekuwa mdogo kitandani. Kuna mtu alikuwa amemwosha nywele na kumchana. Zilikuwa zimelala vizuri begani. Alitoa kinyago cha hewa aliponiona.

"Umechelewa," akasema. "Hata zamu ulikuwa unachelewa. Mimi ndiye niliyekuwa nakugongea kadi ya mahudhurio."

"Mara mbili tu, Dada."

"Mara mbili kila wiki." Akacheka, kikohozi kikamkamata, nikamshika mpaka kikapita. Mgongo wake ulikuwa mifupa mitupu. "Mbona umeloa hivyo?"

"Mvua."

"Na Feng? Hajambo?"

"Hajambo. Leo ana wageni wakubwa kazini." Nikamwaga supu kwenye kifuniko cha chupa. "Anakusalimu sana. Ndiye aliyenifungulia njia nije."

"Mtoto mzuri," Yunzhen akasema, akafumba macho, akakunjua uso kwa furaha. "Nilikuwa najua. Siku zile tano nilijiambia, Feng ataona, atamleta mama yake."

Alimeza kijiko kimoja cha supu, kisha cha pili. Cha tatu kilirudi mdomoni. Nilimfuta kidevu. Akasema huntun ni tamu, ingawa hakuwa ameila hata moja. Nje ya mlango nilisikia viatu vya mtu vikija kwa kasi kwenye korido, nikavijua, na nikaendelea kumfuta kidevu.

Kengele ya kumaliza ikalia. Muuguzi hakuingia, alisimama mlangoni akiwa ametugeuzia mgongo, amefunga njia.

Yunzhen alinishika kidole gumba. Hakikuwa na nguvu kile kiganja, lakini hakikutaka kuachia.

"Kesho njoo tena, mdogo wangu," akasema. "Leo hatukuzungumza hata kidogo. Njoo saa tisa ile ile, nitawaambia waniamshe. Utakuja, si ndiyo?"