Chumba cha Mgeni wa Vaalbeke

Jumamosi moja mwaka 1954, Hortense alikuwa uani mwa nyumba yake, katika mtaa uitwao Kenya, mjini Elisabethville, Kongo, akitwanga sombe. Majani ya muhogo hayajalainika kinuni, akatokea mwanamke wa Kizungu, mzee, amevaa gauni la kulalia na soksi za sufu. Alikuwa ametoka kwenye chumba cha mgeni. Akauliza kwa mikono maji yako wapi. Hortense akamwonyesha ndoo, kisha akamwita mumewe.

"Baba Claudine, mugeni alishafika!"

Anaclet akatoka na povu la sabuni kwenye shavu moja. "Lakini Kamati haikunijulisha."

"Kamati haikuya. Ye mwenyewe njo alikuya."

Mgeni huyo walikuwa wamemngoja sana. Elisabethville ilikuwa imefungishwa undugu na Vaalbeke, mji mdogo wa huko Ubelgiji, na siku ya sherehe Kamati ya undugu huo ilitangaza kwamba watu wa miji hii miwili watalala na kula majumbani mwa wenzao ili wajuane. Anaclet alikuwa karani wa stesheni, mtu wa Kasai aliyesomeshwa na mapadri, na jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa. Binti yao Claudine alikuwa ameolewa Kambove, chumba chake kikawa wazi. Wakakipaka chokaa, wakanunua godoro na beseni la kunawia. Lakini Mzungu hakuruhusiwa kulala mitaa ya Weusi, wala Mweusi kuonekana mjini kwa Wazungu giza likishaingia. Basi wageni wa Vaalbeke walifika, wakalala hotelini, wakala na wanakamati, wakarudi kwao. Nao watu wa mtaa wa Kenya waliochaguliwa kwenda Vaalbeke waliambiwa wangoje ruhusa.

Mikutano ya Kamati ikaanza kupungua watu. Mwenyekiti wake, Bwana Rousselle, alisema kila mara kwamba urafiki ni moto, hauwaki bila kuni, kisha akauliza nani ataleta keki mkutano ujao. Hortense hakukata tamaa. Kila Jumamosi alibadilisha mashuka.

Mwishowe chumba kilichoka kungoja. Ukuta wake wa nyuma, uliokuwa umepakana na banda la kuku la jirani yao Mama Mutale, ulifunguka wenyewe nyuma ya kabati, pakawa na ngazi ya mbao inayoshuka hadi jikoni mwa nyumba moja ya Vaalbeke. Mwenye nyumba alikuwa huyu mzee, Godelieve, mjane. Naye aliandaa chumba kwa ajili ya mgeni kutoka Kongo, akakifagia mpaka mikono ikamuuma, na hakuna aliyekuja.

Godelieve akawa anapanda ngazi kila siku. Alijifunza kusonga bukari, ugali wa huko, akajifunza kusema "nashiba" na "ongeza kidogo". Mama Mutale alikuja mara moja kulalamika.

"Mama Claudine, ile baridi ya kwenu inazuia kuku zangu kutaga."

"Pole, dada. Nitaweka pazia."

Akaweka pazia, na kuku wakataga.

Hortense naye alishuka. Watoto wa Vaalbeke walimfuata wakishika kitenge chake, na mchinjaji akamwuliza anataka nyama ya mafuta au isiyo na mafuta. Jioni alimsimulia mumewe.

"Niliingia kwa mulango, Baba Claudine. Mulango ile ya mbele, ya bantu bote."

Kwenye bucha za Elisabethville watu weusi walihudumiwa kwenye kidirisha cha ubavuni, wala hawakuulizwa wanataka nyama gani. Anaclet akasema lazima Kamati ijue.

"Juu ya nini?" Hortense akauliza. "Tuko tunaishi muzuri."

"Hii njo kazi balitutuma. Batafurahi."

Nao walifurahi kweli. Bwana Rousselle alikuja na askari mmoja kijana, jina lake Musonda. Akalichungulia kabati, akakohoa, akashuka ngazi. Aliporudi kofia yake ilikuwa na theluji, na kwapani alikuwa na mkate ungali moto.

"Anaclet," akasema, "we iko mutu ya akili. Lakini kila kitu na utaratibu yake."

Utaratibu ulikuwa huu: njia ni ya mpango wa undugu, kwa hiyo ni ya Kamati. Wanakamati watapita. Anaclet na mkewe watapita wakipata ruhusa. Godelieve hataketi tena uani, kwa sababu Mzungu haruhusiwi kuketi huko.

"Bwana, ile ni chumba ya mwana yangu," Hortense akasema.

"Ilikuwa," Bwana Rousselle akajibu kwa upole.

Tangu hapo Kamati ikajaa watu. Jumamosi walipita sebuleni kwa Hortense na masanduku yao, Jumapili jioni wakarudi na jibini na vitambaa vya lesi, wakipangusa viatu kwenye mkeka wake. Musonda aliwekwa mlangoni pa chumba, juu ya kiti cha Anaclet. Anaclet alialikwa kupiga picha na wanakamati, akasimama pembeni, na tangu siku hiyo hakutaja tena habari za Vaalbeke.

Jumapili moja, mwanamke mmoja aliyekuwa anarudi na jibini lake alisema, kama anayezungumzia mvua, kwamba yule bibi wa ngazini anakohoa vibaya na hana mtu wa kumchemshia maji. Hortense akamwendea Musonda.

"Mwana yangu, niache nipite. Bibi eko mugonjwa."

Musonda akaangalia chini. "Mama, nikikuacha, kazi imekwisha. Omba ruhusa."

Akaomba. Kamati iliahidi kulizungumza ombi lake, lakini mkutano wote uliishia kwenye rangi za bendera mpya. Hortense akawa anapika uji na kuuweka mlangoni, labda atapatikana wa kuushusha. Waliopita waliuruka kwa uangalifu, hawakumwaga hata tone.

Siku kengele za mazishi za Vaalbeke ziliposikika nyuma ya kabati, hakuna aliyehitaji kumweleza. Alifumua nywele, akatandika mkeka mbele ya mlango wa chumba, akaketi. Mama Mutale akaja, wakaja na wanawake wengine wa mtaa, wakamlilia Godelieve kama anavyoliliwa mtu wa nyumbani. Anaclet aliwasha moto uani, akakaa kando yake na wanaume.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya safari. Wanakamati waliwaomba wanawake radhi, na wanawake wakasogeza miguu. Bwana Rousselle alifika wa mwisho. Alivua kofia, akawatazama, macho yakamlowa. Alisema Vaalbeke itaelezwa habari za machozi haya, na kwamba undugu wa miji hii miwili haujapata kuwa hai kama leo. Kisha akainua sanduku lake.

Hortense alikunja miguu kumpisha, akaendelea kulia.