Mabuti Yaliyokaa Kantini

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kiwandani na mlango wa ghala haufunguki. Mimi ndiye mtunza ghala. Nikausukuma kwa bega, mabuti ya mpira yakanimwagikia mpaka kiunoni. Mwaka huu mvua imegoma, hakuna anayeyanunua, lakini mashine hazijaacha kuyatoa.

Mengine yamekaa kantini. Yanakula ugali na maharage ya wafanyakazi, tena kwa adabu, baada ya kunawa.

"Nyie! Wenye chakula wako wapi?"

"Wametoka," linajibu buti la kushoto. "Nafasi imekwisha, dada. Ama sisi, ama wao."

"Nani kawatoa?"

Buti la kulia linanyoosha ncha yake ukutani, kwenye sheria niliyoiandika kwa mkono wangu mwenyewe: KILICHOINGIA KWANZA KITOKE KWANZA.

Aliyeingia kiwanda hiki kabla ya wote ni Chande, mume wangu.

Natoka mbio, na mlango wa kantini unanitupa sokoni. Chande amepangwa kwenye rafu pamoja na mafundi wenzake, amefutwa vumbi vizuri. Hakuna mteja. Mama Shani, muuza mandazi wa getini kwetu, amekaa mbele yao na beseni lake limejaa.

"Mama Shani, nunua buti basi, kiwanda kipumue!"

"Kwa lipi, mwanangu? Waliokuwa wananunua mandazi yangu ndio hao hapo rafuni."

Nageuka. Mabuti yamenifuata na sahani zao.

"Mkinunuliwa, mtamrudisha mume wangu?"

"Siku hiyohiyo."

"Na nani atawanunua?"

"Watu wenye kazi."

"Si mmewatoa kazini!"

Yanatazamana, la kushoto na la kulia. "Hilo hata sisi linatushangaza," yanasema, na kuendelea kutafuna.

"Usilie, mke wangu," Chande ananiambia kutoka rafuni. "Mteja akiona machozi ataomba apunguziwe."

Nikapiga ukelele, nikaamka. Jua limeshapanda. Chande bado yuko kitandani, na zamu yake huanza saa moja.

"Mbona hujaenda?"

"Wamepiga simu alfajiri. Tukae nyumbani mpaka tuitwe."

Akageukia ukutani, akajivutia shuka kichwani, miguu ikabaki nje. Kwenye unyayo wake wa kulia, kwa wino wa zambarau ambao haujakauka, umegongwa muhuri wa ghala: IMETOKA. Chini yake kuna tarehe ya leo, na saini yangu.