Vidole Viwili Upande wa Kulia

Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili wa kushona nguo, na mshono uliopinda nauona hata mvaaji akiwa ng'ambo ya barabara. Sijisifu, ni ugonjwa. Naweza kukaa msibani nikashindwa kulia kwa sababu mkono wa koti la aliye mbele yangu umeshonwa vibaya. Basi fikiria nilivyojisikia siku nilipofunguliwa bandeji na kukuta mshono uliopinda uko tumboni kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nimepasuliwa kupunguza ngozi ya tumbo. Baada ya watoto watatu, wawili wa mwisho mapacha, ile ngozi ilikuwa inanilalia mapajani kila nikikaa kwenye cherehani. Daktari aliikata, tumbo likawa bapa, na hilo simnyimi haki yake. Lakini kovu lenyewe, lile linalopita chini ya kitovu kutoka nyonga hadi nyonga, lilikuwa juu zaidi upande wa kulia. Na kule kushoto linakoishia kulikuwa na kikunjo cha ngozi kimejitokeza, kama kitambaa kilichomzidi mwanafunzi asijue akipeleke wapi.

Nilisubiri mwaka mzima na miezi miwili, maana waliniambia kovu huchukua muda kutulia. Lilitulia, ila halikunyooka. Nikakata shauri nirudi kwa daktari afumue, ashone upya.

Asiyetaka kabisa kusikia habari hizo ni mdogo wangu. Tunashona chumba kimoja, cherehani yake iko dirishani na yangu karibu na mlango, meza ya kukatia katikati.

"Dada, huko nani anaangalia?" aliniuliza.

"Mimi."

"Si usiangalie."

"Mteja ungemwambia hivyo?"

Akarudi kwenye kola yake. Nilijua kinachomkaba. Mara ya kwanza nilichelewa kuzinduka. Saa tatu zaidi ya alizoambiwa, alikaa kwenye benchi la hospitali amepakata viatu vyangu. Kisha wiki sita aliniogesha, akanishika mkono nikitembea nimeinama kama nimedondosha sindano. Siku ile ya benchi hakuwahi kunisimulia, na mimi, kwa uoga wangu, sikuwahi kuuliza.

Na kurudi kwenye kola nilipomtaja mteja kulikuwa na sababu. Tulipofungua hapa niliweka sheria moja, nayo haina mjadala: mteja haambiwi mwili wake. Hakuna aliyenyooka. Huyu bega moja limeshuka, yule mgongo umebinuka kidogo. Ukimpima, vipimo usivitaje kwa sauti. Unaandika kwenye daftari, unatia nukta nyekundu pembeni, unakata kitambaa kiufuate mwili. Mteja akivaa anakuta nguo imekaa, anaondoka kifua mbele. Fundi anayelaumu mwili wa mteja simtaki hata kwa kufagia.

Asubuhi ya kwenda kliniki nilisimama mbele ya kioo, nikachukua rula yangu ndefu ya mbao, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye kovu, kulia na kushoto, kama tunavyopima pindo la sketi. Tofauti ilikuwa vidole viwili kamili. Nikatwaa chaki ya kukatia, nikachora mstari mahali kovu lilipostahili kupita. Nikavaa gauni pana ili usifutike.

Daktari ni mtu mpole, ana vidole virefu ambavyo ningemwonea wivu kama si hasira. Alipoona ile chaki, alitazama kwanza, kisha akaniuliza, "Mama, umechora mwenyewe?"

"Mimi ni fundi. Nimekurahisishia kazi."

Hakucheka, na hapo alipata alama moja. Aliniomba nilale kitandani. Akagusa mfupa wa nyonga ya kulia, akapima kushuka hadi kwenye kovu. Akafanya vivyo hivyo kushoto. Akanionyesha futi yake: vipimo vilikuwa sawa, hakuna hata nusu kidole.

"Umelala, umenyooka," alisema. "Ukisimama, nyonga yako ya kulia inapanda. Labda mguu mmoja umeuzidi mwingine kidogo. Watu wengi wako hivyo na hawajui. Kovu linaifuata mifupa yako."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Hapana. Hiki kikunjo cha kushoto ni changu mimi. Nilipaswa kukimaliza vizuri na sikukimaliza, naomba radhi. Nakiondoa kwa ganzi ya hapohapo, nusu saa, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Ila ule mstari ni upasuaji mzima tena. Usingizi uleule, wiki zilezile. Na ngozi ya kuvuta iliyobaki si nyingi. Naweza kuufanya, mama. Ila siwezi kukuahidi kwamba utakuwa mzuri kuliko huu."

Akanipa fomu ya karatasi moja yenye mistari miwili ya kuweka alama: kikunjo, na kovu zima. Nirudi nayo Ijumaa.

Nilitoka na hasira. Fundi anapinda mshono halafu anasingizia kitambaa! Nilifika kazini nikaitupa ile fomu juu ya meza ya kukatia.

"Amenitazama machoni," nilimwambia mdogo wangu, "akasema nyonga yangu imepanda. Mimi! Miaka yote hii navaa sketi, umewahi kuona sketi yangu imekaa upande?"

Mdogo wangu alisimamisha cherehani. Sketi zangu zote hushona yeye, maana mikono yangu ni ya wateja tu, nguo zangu mwenyewe sizifikii. Alinyanyuka, akaenda kwenye rafu, akatoa daftari la zamani lenye jalada lililokatika, akalifungua mbele yangu bila kutafuta sana.

Ulikuwa ukurasa wangu. Mwandiko wake, wa miaka kumi na moja iliyopita. Kiuno, mapaja, urefu. Na chini yake: *kulia, ongeza vidole viwili.* Pembeni, nukta nyekundu.

Nilikaa. Nilisoma tena, kana kwamba maandishi yangebadilika kwa kukaziwa macho. Sketi zote zile. Ile ya harusi ya binamu yetu, ile ya kijivu ninayoivaa mpaka imechakaa. Zote zilikatwa ndefu kulia ili ziangukie sawa, na mimi nikatembea nazo nikijua nimenyooka kama rula, nikicheka kimoyomoyo mabega ya watu.

"Mbona hukuniambia?"

"Wateja huwa tunawaambia?"

Sheria ni yangu mwenyewe. Niliona haya, na chini ya haya kulikuwa na kitu kingine, kitu cha kutaka kulia, kwamba mtu amenibeba hivi miaka kumi na moja na hajawahi hata kunitania. Nikafunua kurasa. Mahali pengine, tarehe ya mwezi wa pili baada ya upasuaji, aliandika: *mkanda wa kiuno upandishwe, usiguse kovu.* Nami nilidhani ni mtindo mpya.

"Nikuulize," nilisema. "Siku ile kwenye benchi."

Alikuwa anakung'uta nyuzi kwenye gauni lake, nyuzi ambazo sikuziona.

"Nesi alipita mara nne hakunitazama usoni," alisema. "Nikawaza nitawaambia nini watoto. Nikawaza viatu hivi nitamrudishia nani. Dada, kile kikunjo kakitoe, nitakusindikiza mwenyewe. Lakini ukilala tena kwa ajili ya vidole viwili, mimi kwenye lile benchi siwezi. Naogopa. Basi."

Hakuwahi kuniambia maneno mengi kiasi kile tangu tuzaliwe.

Nilivuta fomu. Nikatia alama kwenye kikunjo, kwa sababu kazi mbovu ni kazi mbovu na mwenyewe amekiri. Kwenye ule mstari wa pili nikapitisha kalamu kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikuwa nimefurahi, nisiseme uongo. Kovu bado nitaliona kila nikioga, na jicho langu litalipima.

Kisha nikasimama katikati ya chumba, nikavua viatu, nikanyanyua mikono kidogo kama wanavyofanya wateja.

"Nipime upya," nikasema. "Daftari limezeeka."

Akachukua futi shingoni. Alinizungushia kiunoni, akapiga goti, akashuka kulia, akashuka kushoto, akanyoosha mkono kuchukua kalamu kimya kimya kama nilivyomfundisha.

"Taja kwa sauti," nikamwambia.

Aliniangalia kutoka pale chini.

"Kulia," akasema, "vidole viwili juu."

"Andika."