Chupa ya Mgeni Haisuuzwi

Leo naweza kuyasimulia haya nimenyoosha miguu, nacheka. Wiki tatu zilizopita nisingeweza. Wakati ule kijiji kizima cha Irondo kilikuwa kimebana pumzi kwa ajili ya kichupa kisichojaza hata glasi moja ya chai.

Irondo ipo Kondoa, upande ule ambao mvua hufika ikiwa imeshachoka kunyesha kwa wenzetu. Tunalima alizeti, uwele na ufuta, na tangu enzi za babu wa babu yangu tumekunywa maji ya mto. Nikisema mto usifikirie maji. Mto wetu ni mchanga. Kiangazi unafukua shimo, unasubiri maji yachuje chini taratibu, unachota kwa kata. Ukiondoka anakuja ng'ombe, akiondoka ng'ombe anakuja punda, akiondoka punda unarudi wewe. Tulikuwa tunakunywa kwa zamu, na nina hakika punda hakuridhika na usafi wetu.

Mwaka huu tukachimbiwa kisima. Mita tisini na mbili kwenda chini, pampu ya sola, tanki juu ya mnara, vituo vitatu vya kuchotea. Kila kitu tayari isipokuwa ruhusa. Maji ya kisima kipya hayanywewi mpaka yapimwe maabara, Dodoma mjini, na sampuli yetu ilirudi imefeli. Vijidudu vya kinyesi. Fundi wa maji, Bwana Fulgence, akatia dawa kisimani, akaacha pampu isukume maji mpaka dawa yote ikaisha, akachukua sampuli ya pili. Nayo ikafeli, kwa vijidudu vilevile.

Alitueleza mkutanoni, kofia ameishika mkononi kama mtu aliyekuja kutoa pole. "Imebaki mara moja. Ya tatu ikikataa, kisima kinafungwa, pampu inang'olewa inapelekwa kijiji kinachofuata kwenye orodha. Hilo siamui mimi."

Dada yangu Hamida alikuwa amempakata mwanawe, Ikram. Ikram ana miaka miwili, na mwaka huu amelazwa mara mbili kwa kuhara. Ile mara ya pili tulishaanza kuongea kwa sauti ya chini. Bibi yetu, Bibi Kuluthumu, alikaa naye wodini siku sita, na walipotoka aliapa kwamba yeye akiwa hai kitukuu chake hakitaendelea kunywa maji ya shimo.

Ndiyo maana alipochaguliwa kuwa mjumbe wa usafi kwenye kamati ya maji, aliichukua kazi ile kama askari. Sampuli ya kwanza ilipofeli alipita nyumba kwa nyumba kukagua vyoo. Bibi hajui kusoma, lakini choo anakisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Alimwambia Mzee Adamu, mwenyekiti wa kamati, mtu wa miaka sabini na mbili, kwamba choo chake ndicho kinachotuangusha. Choo chenyewe kiko mwendo wa nusu saa kutoka kisimani. Mzee wa watu akachimba kingine. Alichimba wiki nzima, na wiki nzima hakumwamkia mtu.

Mimi, Habibu, ni katibu wa kamati hiyo, kwa sababu nina cheti cha kidato cha nne na mwandiko unaosomeka.

Asubuhi ya sampuli ya tatu Bwana Fulgence alifikia kwetu kama kawaida yake. Mgeni hapiti kwetu bila kutia kitu tumboni. Akakalishwa barazani pamoja na Mzee Adamu, wakaletewa uji wa uwele. Sanduku lake la barafu, lenye chupa ya sampuli ndani, bibi alilipokea mwenyewe, akaliweka kivulini nyuma ya jiko. Uji ukaonekana hauna sukari, nikatumwa kuifuata jikoni.

Nikamkuta bibi amechuchumaa, chupa ya sampuli mkononi. Ametia maji, anatikisa, anamwaga, anapangusa mdomo wa chupa kwa pindo la kanga.

"Shikamoo, mke wangu," nikamwambia. Bibi na mjukuu ni watani, na ndoa hii nilizaliwa nikaikuta. "Unafanya nini na mali ya serikali?"

"Marahaba, mume wangu mvivu. Nasuuza."

"Unasuuza nini?"

"Si chupa hii. Njoo uone aibu. Mtu mzima, ana kazi ya ofisini, anatembea na chupa ina unga mweupe chini. Kwao hakuna mtu mwenye macho?"

Naomba nieleze kidogo. Kwetu hujazi chombo cha mtu bila kukisuuza. Iwe ndoo ya jirani au kibuyu cha mgeni, unatia maji kidogo, unazungusha, unamwaga, ndipo unajaza. Usipofanya hivyo umeonyesha ulivyolelewa. Mama yangu alipoolewa hapa, bibi hakumpima kwa kupika wala kwa kulima. Alimpa dumu akajifanya anatazama pembeni.

Sasa, baiolojia nilipata D. Lakini kuna mambo ambayo hata D inayajua.

"Bibi, maji hayo ya kusuuzia ni ya wapi?"

"Ya mtungini."

"Na ya mtungini yanatoka wapi?"

"Mtoni. Ulitaka nisuuzie maziwa?"

"Na zile chupa mbili za mwanzo?"

Akanitazama kama nimemtukania ukoo. "Unadhani mimi nasuuza kwa kubahatisha? Zote. Ile ya pili niliisuuza mara mbili, maana ya kwanza ilifeli."

Nikakaa chini, palepale kwenye majivu.

"Bibi," nikasema, "unga ule ni dawa yao. Chupa hii ilikuwa safi kuliko kitu chochote kilicho ndani ya kijiji hiki. Vile vijidudu havikutoka kisimani. Wewe ndiye uliyevipandisha gari kwenda Dodoma."

Akaacha kupangusa. Aliitazama chupa, akautazama mtungi, akairudia chupa. Barazani Hamida alikuwa akimchekesha Ikram, na sauti zao zilikuwa zinatufikia.

"Mara zote mbili?" akauliza.

"Zote mbili."

"Na choo cha Adamu?"

"Hakina kosa."

"Kile cha zamani au kile kipya?"

"Vyote viwili, bibi."

Nilimwona akizeeka mbele yangu. Huyu ndiye mwanamke ambaye wakwe wa kijiji kizima huficha masufuria yao akipita. Aibu yake ilikuwa ikimsubiri barazani, inakunywa uji. Akinyamaza, chupa itajazwa, itafeli, pampu itaondoka, na hakuna atakayejua isipokuwa mimi na yeye.

"Nitasema niliisuuza mimi," nikamwambia. "Mimi kijana, nikichekwa nitazoea."

"Wewe hujawahi kuosha hata sahani yako. Nani atakuamini?"

Akasimama, akafunga kanga yake upya, akatoka na chupa mkononi. Nikamfuata, sukari nimeisahau.

"Mwanangu Fulgence," akasema akiwa bado amesimama. "Chupa zako nilizisuuza mimi. Zote tatu. Kwa maji ya mtoni. Niliona unga nikadhani ni uchafu, sikutaka ukaaibike mjini."

Fulgence akaweka bakuli chini. Hamida akaacha kucheka. Kuku wakapata nafasi ya kusema yao yote.

Mzee Adamu ndiye aliyeanza. "Kuluthumu. Kiuno changu mpaka leo hakinyooki."

"Nisamehe, Adamu."

"Futi kumi na mbili, Kuluthumu. Kwenye mawe."

"Najua. Nilikuja kukagua."

Fulgence alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha ghafla akawa na uso wa mtu anayehesabu makosa yake. "Mama, hili tugawane. Chupa hizi zinakuja zimezibwa kwa karatasi juu ya kifuniko. Mara zote mbili nilikuta haipo, nikasema labda ndivyo zilivyotoka stoo. Nilipaswa kuuliza."

"Una nyingine?" nikamwuliza.

"Ya kupimia vijidudu nilikuja na moja tu. Na majibu yanatakiwa kabla ya wiki hii kuisha."

Hapo kicheko kikatuishia sote. Akatoka nje na simu, akaongea na maabara akizunguka uwanja, sisi tukimfuata kwa macho. Aliporudi alikuwa anatembea haraka. Chupa ni ya kioo, inavumilia moto. Ichemshwe nusu saa nzima ndani ya sufuria iliyofunikwa, wamekubali. Ule unga ni wa kuua nguvu ya dawa, na dawa kisimani ilishaisha, kwa hiyo hata usipokuwepo si neno.

Basi tukachemsha chupa. Nimewahi kuona watu wakisubiri mtoto azaliwe kwa utulivu kuliko ule. Bibi alikalishwa kwenye kigoda, mikono mapajani, akazuiwa kugusa chochote. Kila baada ya muda mkono wake mmoja ulianza safari kuelekea kwenye mfuniko, na Mzee Adamu, aliyejipa mwenyewe kazi ya ulinzi, alikohoa. Nusu saa ilipotimia Fulgence alinawa kwa sabuni, akaiopoa mwenyewe, tukaandamana naye kisimani. Akachoma mdomo wa bomba kwa moto, akaacha maji yatiririke, akajaza, akafunga. Akaondoka na sanduku miguuni pake. Tulitazama vumbi la gari mpaka likaisha.

Siku ya tatu simu yangu ikaita. Nilikuwa nyumbani, na wote waliona uso wangu kabla sijasema neno.

"Sifuri," nikawaambia.

Bibi akashika kichwa. "Tumefeli tena?"

Kosa langu. Kwa ripoti za shule nilizokuwa naleta nyumbani, bibi anaijua sifuri kwa ubaya tu. "Hii ni sifuri nzuri, bibi. Vijidudu sifuri. Maji yanaruhusiwa."

Alinikamata mkono, akaubana mpaka ukaniuma. Nadhani ndiyo mara pekee katika ndoa yetu.

Jioni hiyo mabomba yakafunguliwa. Hamida alimnywesha Ikram kikombe kizima cha maji bila kuyachemsha. Ikram akakirudisha kikombe, akataka kingine. Bibi akanywa baada yake. Akayazungusha mdomoni, akameza, akakunja uso.

"Hayana ladha."

"Ndiyo ladha yake hiyo," akasema Mzee Adamu. "Ulizoea punda."

Akanywa tena. Hamida aliniambia baadaye kwamba tangu watoke wodini bibi alikuwa anaamka kila alfajiri kumshika Ikram tumbo, kusikiliza kama linanguruma. Siku iliyofuata jua lilichomoza, kuku wakatoka, Ikram akaamka akacheza peke yake mlangoni, na bibi alikuwa bado amelala, anakoroma.